Gawio la Bwato

Neno lililonitoa nyumbani ni gawio. Nililisikia redioni asubuhi moja ya mwezi wa sita nikiwa naosha viazi: mtangazaji alisema kampuni fulani imetoa gawio kwa wenye hisa wake. Alilitamka kwa wepesi, kama anayesema chumvi, kana kwamba kila nyumba inalo jikoni. Nikamuuliza mume wangu Novath gawio ni nini. Akasema ni mambo ya watu wa suti. Nikamuuliza, na hisa je? Akasema, "Kemilembe, zima redio, betri zinaisha."

Hapo alinikosea. Mimi nikiuliza nikakosa jibu, chakula hakipiti. Walionipa jina la Kemilembe, ambalo kwetu ni jina la amani, walikuwa na haraka. Wangesubiri kidogo nikue wangenipa jingine. Katekista aliyenifundisha kipaimara alifika mahali akaniambia kuwa majibu mengine Mungu ameyaweka akiba, nisitake kuyamaliza yote hapa duniani. Lakini wanasema kuuliza si ujinga, na mimi ujinga siutaki.

Bahati nzuri nilijua pa kupeleka swali langu. Prudensia, binti wa kaka yangu mkubwa, anafundisha masomo ya biashara sekondari, na siku zile alikuwa likizo kwao Chonyonyo, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba, alichotuachia baba yetu, marehemu mzee Melkiory. Mimi nimeolewa Nyabiyonza. Nikafunga maharage mapya kwenye kanga, maana mtu haendi kwao mikono mitupu, nikapanda bodaboda. Novath aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kuwasha redio.

Nilikuta watu wamejaa nyuma ya nyumba. Jirani mmoja alikuwa amekamua pombe jana yake kwenye bwato letu, na sasa lubisi ilikuwa imeiva na inachotwa. Anayesoma haya akiwa mbali asidhani kuna ziwa pale. Bwato ni gogo kubwa lililochongwa likapata tumbo kama mtumbwi. Ndani yake tunamwaga ndizi mbivu za pombe, embiire, zikanyagwe kwa miguu pamoja na majani mpaka zitoe juisi yote. Juisi inachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake ni lubisi. Kukanyaga ni kazi ya wanaume. Sisi wanawake tunakata majani, tunamenya ndizi, tunachota maji, kisha tunaambiwa pombe ya fulani ni tamu, na huyo fulani kila mara ana ndevu.

Siku hizi mabwato ni machache. Miti minene ya kuchonga imekwisha, na wengi wanachachusha kwenye mapipa ya plastiki, ambayo lubisi yake ina ladha ya plastiki na inakubalika kwa mtu aliyekwisha kulewa tu. Kwa hiyo bwato alilochongesha baba lina wateja. Anayelitumia hujaza kibuyu cha kwanza akampa mwenye bwato kabla wageni hawajanywa. Hiyo ni desturi ya tangu zamani. Hakuna aliyewahi kuiandika wala kuikataa.

Prudensia alikuwa kando ya nyumba, karibu na wanywaji, anageuza kahawa iliyoanikwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Gawio ni nini?"

Akacheka mpaka akaweka reki chini. "Waitu shangazi, hata hujakaa!"

"Nitakaa nikielewa."

Tukakaa kwenye magunia kivulini. Alichonifurahisha binti yule ni kwamba hakunipa jibu kama mtu anayemtupia kuku mahindi. Alisema gawio liko mwisho wa njia, na lazima tuanzie mwanzo, kwa mtaji.

"Mtaji ni kitu unachokitanguliza ili kizae kingine," akasema. "Ile mbegu ya maharage unayoificha isipikwe, huo ni mtaji. Ukiipika, umekula mtaji."

Nikamkumbuka mama. Mwaka mmoja wa njaa alikuwa na kibuyu kizima cha mbegu juu ya dari, na sisi tukalala na uji mwepesi, tukalia, na yeye hakukigusa. Nikamsimulia Prudensia.

"Bibi alikuwa analinda mtaji," akasema.

"Na sisi tulidhani ana roho mbaya." Nilisikia uchungu kidogo. Mama amekufa bila mimi kumwambia kwamba nimeelewa.

Nikataka maneno mengine. Kila alilonipa nililigeuza kama mtu anayenunua sufuria sokoni, naligonga nisikie linavyolia. Mfumuko wa bei nilidhani ni ugonjwa wa tumbo. Prudensia akaninong'oneza nimtazame jirani yetu mwenye pombe, aliyekuwa anaongeza maji kwenye lubisi akidhani hatumwoni.

"Kibuyu kitabaki kile kile," akasema, "lakini ndani yake nguvu imepungua. Aliyekuwa anachangamka kwa kibuyu kimoja sasa atahitaji viwili. Ndivyo fedha inavyokuwa. Noti ni ile ile, ila imeongezwa maji."

"Na anayeongeza maji anapata nini?"

"Anapata wageni wengi kwa pombe kidogo. Mpaka watakapoonja."

Nikamuuliza ukwasi. Akasema ni wepesi wa mali kugeuka kuwa fedha mkononi. Msiba ukikukuta alfajiri, kuku unamuuza kabla chai haijachemka. Ng'ombe anasubiri siku ya mnada. Kibanja kinasubiri kikao cha ukoo, na katika kikao hicho wazee hawatakubaliana mpaka marehemu asahaulike. Kwa hiyo mwenye kibanja kikubwa na hana kuku ni tajiri anayeweza kukosa sanda. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilikuwa namjua mtu wa namna hiyo.

"Sasa hisa," nikasema.

"Chukua mali ya watu kadhaa ambayo haikatiki. Ng'ombe wa maziwa, kwa mfano. Ukimkata vipande kila mtu apate chake, mtakula nyama leo, na maziwa ndiyo basi. Kwa hiyo hamumkati. Kila mmoja anabaki na sehemu yake ndani ya ng'ombe mzima. Huwezi kuionyesha kwa kidole, huwezi kusema yangu ni huu mguu. Lakini ipo, na watu wanajua ipo. Hiyo ni hisa. Ng'ombe akikamuliwa, maziwa yakagawanywa kwa wenye hisa, hayo maziwa ndiyo gawio."

Nikasogeza gunia langu karibu naye. Wanaonijua wangeogopa.

Mbele yetu alipita yule jirani mwenye pombe amebeba kibuyu kilichojaa, kimefungwa jani la mgomba mdomoni, anakipeleka ndani kwa kaka yangu Projest, baba yake Prudensia.

"Na kile?" nikauliza.

"Kile ni kodi. Jirani ametumia mali isiyo yake, anailipia."

"Anamlipa nani?"

"Mwenye bwato."

"Mwenye bwato ni nani?"

Prudensia akaokota reki yake. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona Projest amesimama mlangoni na kibuyu chake, uso umejaa furaha.

"Mwenye bwato ni huyu hapa," akasema, akajipiga kifua. "Karibu dada! Mbona hamjampa kiti? Leteni kikombe."

Lazima nimtendee haki kaka yangu. Projest si mchoyo. Ana sauti ya kuita ng'ombe na utani usiokuwa na breki, lakini mkono wake uko wazi. Sijawahi kutoka kwake bila dumu la lubisi la kumpelekea shemeji yake. Hata siku ile, kabla sijamaliza kikombe, alikwisha kujaza dumu dogo na kulifunga vizuri kwa mfuko wa nailoni lisimwagike kwenye bodaboda. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake.

"Kaka," nikasema, "hili dumu ni zawadi au ni gawio?"

"Ni pombe," akasema, na watu wakacheka.

"Nimeuliza vizuri. Bwato ni la baba. Baba alizaa watoto watatu: wewe, mimi na Gideon. Kibuyu cha kodi kinakuja kwako peke yako tangu tumzike. Mimi unanipa ukipenda. Siku usipopenda je?"

"Lini sijapenda?"

Hilo ndilo lilinitia hasira, maana lilikuwa kweli. Hakuwahi kutopenda. Lakini nilikuwa nimeng'amua kitu na hakikutaka kurudi kilikotoka. Zawadi inatoka kwenye moyo wa mtu. Gawio linatoka kwenye nafasi yako. Mgeni anayependwa anaweza kupewa zawadi mpaka akafa nazo, na bado akafa mgeni. Nilitaka kujua mimi ni nani katika nyumba ile: mtoto wake, au mgeni anayependwa. Miaka yote sikuwa nimejiuliza, na sasa nilipojiuliza niliweka kikombe chini.

Nikatafuta hoja, nikaipata, nikaiona nzito kama jiwe la kusagia. "Mtaji wa bwato lile ni mimi," nikasema. "Baba alimlipa mchongaji kwa ng'ombe. Ng'ombe yule alitoka wapi? Alitoka kwa kina Novath. Ni mahari yangu!"

Wazee wawili waliokuwa wananywa wakatikisa vichwa kukubali, maana walimkumbuka ng'ombe mwenyewe, mwekundu, pembe moja imeinama. Projest hakutikisika.

"Mahari ilikuwa ya baba. Ulitaka akupe mkia?"

Nikamgeukia Prudensia anitetee. Nilimwona anavyoteseka, huku baba, huku shangazi. Akasema polepole, "Shangazi, kwa hilo baba ana haki. Mahari alipewa babu. Babu ndiye aliyeitanguliza, kwa hiyo mtaji ni wa babu, si wako."

Nilitamani nimpige na reki yake ya kahawa.

"Lakini," akaendelea, "babu hayupo. Mtaji wake hauwezi kuzikwa naye. Unabaki kwa warithi. Na wewe huna haja ya ng'ombe kuwa mrithi. Inatosha kwamba alikuzaa."

Hata mlevi aliyekuwa anaimba aliacha.

"Mwanamke hana bwato," Projest akasema, lakini bila ile sauti yake. "Hata hakanyagi. Lini umeona mwanamke ndani ya bwato? Mimi ndiye ninayelifunika jua likiwaka. Mimi ndiye ninayeligeuza mvua ikinyesha. Nyie mnajua kuuliza tu."

Prudensia akasema hilo nalo lina jina lake. Kila mara bwato linapotumika linaisha kidogo. Miguu inalila, tindikali ya pombe inalila, jua linalila. Huo ni uchakavu, na ndiyo sababu mali yoyote inataka matunzo. Anayeitunza lazima apewe chake kwanza, kisha kinachobaki ndiyo faida, na faida ndiyo inayogawanywa. Nikaona mantiki yake. Nikasema, bila kupenda sana, kwamba Projest achote kikombe chake cha matunzo kabla ya wote. Projest akasema kikombe gani, cha chai au cha plastiki kile kikubwa? Nikasema kikubwa. Nadhani hapo ndipo alipoanza kulegea, maana mtu hawezi kuuliza ukubwa wa kikombe halafu akasema hakuna mgawo.

Tukampigia simu Gideon, mdogo wetu, aliyehamia Songambele huko Kyerwa baada ya kuona kibanja cha baba kimekuwa chembamba kwa wana wawili. Simu ikawekwa sauti kubwa. Projest akamweleza kwa dhihaka, kwamba dada amesikia neno redioni na sasa ukoo mzima uko mahakamani.

Gideon akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi nina kibuyu?"

"Huna kibuyu. Una sehemu ya kibuyu," Prudensia akamsahihisha.

"Tangu lini?"

"Tangu babu afariki."

"Mawe!" Gideon akapiga kelele, akimwita mama kwa lugha yetu. "Na nimekuwa nikinunua!"

Basi kaka akashindwa. Aliinua kibuyu, akarudishia humo lubisi ya dumu langu, akajichotea kikombe chake kikubwa cha matunzo mbele ya mashahidi, akanywa taratibu ili niumie, kisha akamimina kilichobaki katika madumu matatu akipima kwa jicho. Dumu langu akalinyanyua juu. "Haya, mwenye hisa!" akasema. "Kampuni imekutangazia gawio!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikapanda bodaboda na dumu langu mapajani.

Njiani furaha ikaanza kuvuja. Lile dumu lilikuwa sawasawa na madumu yote aliyowahi kunipa. Lubisi ilikuwa ile ile. Je, alinipa kwa sababu ni yangu, au kwa sababu alichoka na kelele zangu na ananipenda? Mtu anaweza kukuita mwenye hisa kama anavyomwita mtoto mchanga bwana mkubwa. Nilipofika nyumbani nilimpigia Prudensia nikamuuliza mtu anatambuaje gawio na zawadi kama vyote viko kwenye dumu moja. Akawaza, akasema, "Shangazi, hilo silijui. Vitabu vyangu havijafika huko."

Miezi ikapita. Projest alitimiza neno. Kila bwato lilipotumika alimpa bodaboda dumu aniletee, na kila mara nilimpigia simu kumshukuru, na kila mara nilipomshukuru nilijichukia, kwa sababu mtu hashukuru kwa kilicho chake. Siku moja nilijaribu kutoshukuru. Akanipigia mwenyewe kuuliza kama naumwa. Novath alikuwa anakunywa bila mateso yoyote, akisema maneno haya ya redio yana faida kuliko alivyodhani.

Kisha, mwezi wa tisa, simu ikalia nikiwa shambani nakata majani ya migomba yaliyokauka. Alikuwa Projest. Hakuniamkua wala kuniuliza habari za watoto.

"Bwato limepasuka."

"Limepasuka?"

"Limepasuka chini, upande wa mkiani. Kiangazi kimelikausha. Jana Muhangi alikamua humo."

Muhangi nilimjua. Ni mfugaji wa kule kwenye mbuga, hana mgomba hata mmoja. Embiire zote alikuwa amezikusanya kwa watu, akabadilishana kwa maziwa na samli, ili apate pombe ya kumuaga binti yake anayeolewa.

"Juisi yote imenywewa na ardhi," Projest akasema. "Tumeamka tumekuta bwato kavu na udongo umelowa. Nyuki wamejaa. Muhangi amekaa pale anatazama udongo, na wageni wake wanakuja keshokutwa."

"Pole kaka. Pole sana. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Pole ya nini? Pole haikamuliki! Bwato likimwaga ndizi za mtu, wenye bwato wanarudisha. Gideon yuko njiani na zake, zimefungwa kwenye pikipiki. Mimi nimekwisha kufungua shimo langu la kuivishia. Zako ziko wapi?"

"Zangu?"

"Kemilembe, usinichezee! Wewe si ulitaka hisa? Ulidhani hisa ni kunywa? Anayekula faida ndiye anayelipa hasara. Nataka embiire mbivu hapa kabla ya jioni, na usiniletee ndizi za kupika ukatufedhehesha kwa Muhangi. Kama huna, kaazime. Sijui. Ni shida yako." Akakata simu.

Nikasimama katikati ya migomba na kisu mkononi. Tangu nimeolewa, kaka yangu hajawahi kuniomba kitu. Kiberiti hajawahi. Nikifika kwake ananipa, nikiondoka ananipa, na mimi nilidhani huo ndio upendo wote uliopo. Sasa alikuwa ananidai kwa ukali, bila "tafadhali", kama anavyomdai Gideon, kama alivyokuwa akinidai tulipokuwa watoto na zamu yangu ya kuchota maji imefika. Alisema "ukatufedhehesha". Mgeni hawezi kuifedhehesha nyumba isiyokuwa yake. Nilikaa chini kwenye majani makavu nikalia kwa sauti.

Novath akaja mbio. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Tumepata hasara."

"Nani amepata hasara?"

"Sisi. Sisi wenye bwato." Na hapo nikaanza kucheka machozi yakitoka, na mume wangu akatazama huku na huku kama anatafuta mtu wa kumsaidia kunishika.

Embiire tulikuwa nazo. Zilikuwa shimoni zinaivishwa, zimefunikwa majani na udongo, na tulikuwa tumepanga kukamua pombe yetu wenyewe tuiuze siku ya gulio. Prudensia alishawahi kuniambia kwamba bei ya kitu chochote ni kile kingine ulichokiacha ili ukipate. Nilichokuwa naacha ni lubisi yetu ya gulio, na Novath alikiona vizuri bila kufundishwa.

"Ndizi zangu zikalipie bwato la kwenu?" akauliza.

"Madumu yaliyotoka kwenye bwato la kwetu, nani aliyanywa?"

Akaenda kuchukua jembe, akaanza kufukua shimo, akinung'unika kwamba kama angezima ile redio mwenyewe siku ile tusingefika hapa. Tukapakia mikungu kwenye bodaboda mbili. Harufu yake ilitufuata njia nzima, na kila tulipopita watu walituuliza sherehe iko wapi.

Chonyonyo nilikuta Muhangi bado amekaa pale pale na fimbo yake, lakini sasa alikuwa anatazama mikungu iliyorundikwa na uso umeanza kufunguka. Fundi alikuwa ameyeyusha nta ya nyuki kwenye kopo, anapasha moto vipande vya bati vya kuziba ufa. Gideon alikuwa amefika, suruali imejaa vumbi jekundu la njia ya Kyerwa. Prudensia hakuwepo, shule zilikuwa zimefunguliwa. Nilisikitika kidogo, maana sasa nilikuwa na jibu la kumpa, lile la kutofautisha gawio na zawadi.

Nikifika kwa kaka, desturi ni moja: binti aliyeolewa akirudi kwao analetewa kiti, anapewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, anaulizwa habari za huko aliko, na hafanyi kazi mpaka apumzike. Nilisimama nikisubiri kiti kwa mazoea tu, bila kuwaza. Hakikuja. Wanawake wa nyumba walikuwa wanamenya, hawakuinua vichwa. Projest alikuwa ameinama kichwani mwa bwato, mgongo umelowa jasho. Alinitazama, akaitazama mikungu yangu, akaihesabu kwa macho, akanguruma kitu ambacho sikukielewa.

"Umechelewa," akasema. "Fundi anataka liinuliwe upande, aone chini. Gideon, kaa katikati. Kemilembe, shika mkiani."

"Mimi?"

"Kuna Kemilembe mwingine?"

Mzee mmoja akakohoa na kusema mwanamke hashiki bwato. Projest, bila kumtazama, akamwambia kama ana mgongo aje ashike yeye. Mzee akabaki na kikohozi chake.

Nikafunga kanga kiunoni, nikavua kandambili, nikapitisha mikono chini ya gogo alilolichongesha baba. Lilikuwa na unyevu na lilinata. Projest akahesabu, tukainua pamoja. Lilikuwa zito vibaya sana, likanikata viganja, na sikutaka mtu yeyote aje kunipokea.